Mashine Uliyoiacha Bila Jina

Iringa, Ijumaa jioni

Dada Subi,

Nimerudi jana kutoka Mbeya, na njia nzima kuanzia Igawa mpaka Mafinga nilikuwa natamani mtu wa kumsimulia yaliyotokea huko. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mume wangu. Alinisikiliza vizuri, akaitikia mahali pa kuitikia, lakini nikimtajia swichi yeye anawaza ile ya taa ya sebuleni. Mtu wa kuielewa habari hii ni wewe. Tena habari yenyewe ni yako. Kwa hiyo nimemimina chai, nimekaa mezani, nakuandikia.

Tangu tukuzike kule Rungwe sijawahi kukusemesha. Wengine husema wanaongea na marehemu wao wakiwa jikoni au shambani. Mimi nilishindwa. Nilikuwa nafungua simu, naliona jina lako, naifunga. Leo nimeweza kwa sababu nina la kukuambia, na sehemu kubwa yake ni ahsante.

Nafasi yako pale hospitali ya Mbeya bado haijapata mtu. Walipoletewa storeji mpya, kabati jipya la kuhifadhia data, wakaomba hospitali yetu ya Iringa iwaazime mimi, kwa kuwa zote mbili ni za kanisa moja na mitambo inafanana. Barua ya ruhusa ilipokuja nilitaka kukataa. Nilijua nitaingia kwenye chumba ulichokipanga kwa mikono yako, niguse kebo ulizozifunga wewe. Nikaenda hivyo hivyo. Nilijiambia kwamba kama ningekataa, ungenisema.

Unakumbuka nilivyokuja kwako hapa Iringa, kabla hujahamia Mbeya? Nimetoka Idodi na begi moja na cheti cha chuo, naamini kompyuta nazijua. Ukanipeleka chumba cha nyuma kwenye lile kabati la diski linalounguruma, ukaniambia hilo ndilo ghala la hospitali nzima. Seva ya maabara inaweka vitu vyake humo, ya mapokezi humo, ya mionzi humo, na kila moja inaona diski zake kama vile ziko tumboni mwake yenyewe. Kazi yetu sisi, ukasema, ni kujua nani ni nani.

Nikaona hilo ni jambo jepesi. Nikasema si tuzihesabu tu, diski ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hukubishana na mimi. Uliizima seva ya majaribio, ukaiwasha tena, ukanionyesha kwamba ile iliyokuwa ya pili sasa imekuwa ya tatu. Halafu ukanionyesha ile namba ndefu ya kiwandani, mchanganyiko wa tarakimu na herufi, ambayo kila kifaa huzaliwa nayo na haibadiliki hata ukikihamisha chumba.

"Gaude," ukasema, "ukifuta diski kwa kufuata foleni, siku moja utafuta wagonjwa."

Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Sijui kama ulikusudia linitishe, lakini liliniweka sawa kuliko miaka yangu yote ya chuo.

Tukaanza kusomeana namba hizo, mmoja kwenye skrini, mwingine nyuma ya mashine. Mimi na lafudhi yangu ya Kihehe, wewe na Kinyakyusa chako, B na D zikawa zinatugombanisha kila siku. Ndipo ukatunga alfabeti yako: A ya Atuganile, B ya Bena, C ya chai, D ya Dabaga, E ya Ester, F ya fagio. Wahasibu wa chumba cha jirani walidhani tunasali rozari. Nilikuwa nacheka mpaka nakosea mstari, na wewe unanirudisha mwanzo bila kukasirika. Sijapata tena mtu wa kufanya naye kazi hiyo kwa raha ile.

Na majina. Nilitaka seva ziitwe majina ya maua. Ukakataa. Ukasema jina liseme kitu kiko wapi na kinafanya kazi gani, ili hata asiyetujua akija kesho aelewe. Na pale tulipokutana na kifaa tusichokijua, wala hukukaa kukikodolea macho. "Hujui ni cha nani? Kaulize." Ukavaa sweta lako la bluu, ukanizungusha wodi kwa wodi, ukawaamkia watu wote "kamwene" kwa Kihehe kibovu, wakacheka, wakatuambia walichokuwa wanakijua. Nilijifunza kwako kwamba kila kebo ina mtu mwishoni.

Halafu ukahamia Mbeya kuwa karibu na mama yako, ambaye na mimi namwita mama. Halafu figo. Sitaki kuandika sana juu ya hizo siku. Nilikuja mara moja ukiwa umelazwa, ukaniuliza kama nimebadilisha betri za umeme wa dharura. Nikasema ndiyo. Ukafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Sasa nikuambie.

Nilifika Mbeya kwenye baridi kali, mlima Loleza uko ndani ya ukungu. Nikamkuta fundi wa kampuni iliyoleta storeji mpya, anaitwa Rashidi, ametokea Dar es Salaam, amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Mtu mzuri, mwepesi, anajua kazi. Mpango ulikuwa tuhamishe kila kitu kutoka kwenye storeji yako ya zamani, ambayo diski zake zimeanza kufa moja baada ya nyingine, kisha ile ya zamani ifutwe yote na kuondolewa. Ikishafutwa, hakuna kurudi nyuma.

Wiki nzima tukawa tunatambua vifaa, kimoja kimoja, na kwa kweli, dada, ilikuwa kama kutembea na wewe. Kila namba kwenye swichi, pale kebo zote zinapokutana, ulikuwa umeipa jina lake: MAABARA-JENGO-JIPYA, MAPOKEZI-CHINI, MIONZI-PICHA. Rashidi mwenyewe alisema amezunguka hospitali nyingi na hajaona palipopangwa hivi. Nilimwambia aliyepanga ni dada yangu. Sikueleza zaidi.

Ilipofika Jumamosi vyote vilikuwa vimejulikana isipokuwa kimoja. Namba tupu, haina jina, imeshikilia diski kubwa ndani ya storeji yako. Tangu Rashidi afike haikuwa imeandika kitu wala kusoma kitu. Imeunganishwa tu, kimya.

Rashidi akasema ni seva ya zamani iliyosahaulika. Amezikuta kila mahali, huwa hakuna anayekuja kuzidai. Katibu wa hospitali naye alikuwa anapiga simu kila mara, anataka tuhame Jumapili baada ya ibada ili Jumatatu watu wafanye kazi. Akasema kama haina jina na haifanyi kazi, basi tuiache. Na mimi, nakuambia ukweli, nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nataka nimalize nitoke kwenye chumba kile. Nikawaza kwamba Subi ninayemjua asingeacha kitu cha maana bila jina, kwa hiyo hiki hakina maana. Karibu nikubali. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Kilichonizuia ni huko huko kukujua. Kama kisingekuwa na maana, ungekiondoa. Wewe hukuwa mtu wa kuacha waya unaning'inia.

Nikamwomba Rashidi anisubiri mpaka jioni. Akanitazama, akasema, "Dada, kama roho yako haijatulia, tafuta. Mimi nitamjibu katibu." Mungu ambariki.

Nikaanza na mwanzo wa ile namba, sehemu inayoonyesha kiwanda. Haikufanana na kadi za mtandao za seva yoyote mle chumbani. Maana yake mashine yenyewe iko nje. Nikaamuru swichi iwashe ile taa ya kupepesa, nikaishika kebo yake, nikaifuata kwa mkono mpaka ilipoingia ukutani. Upande wa pili wa ukuta ikatokea kwenye bomba, ikakatiza ua wa kufulia, ikaingia jengo la zamani, lile la matofali ya kuchoma karibu na jiko. Mlango wa mwisho una kufuli na kibao: Kliniki ya Wanawake.

Mlinzi akaniambia kliniki imefungwa tangu daktari wake aende likizo, na ufunguo anao nesi Tumsifu, na nesi Tumsifu yuko mazoezi ya kwaya. Nikasema basi mpigie. Akapiga. Baada ya muda akaja mama mnene, mchangamfu, amevaa kitenge cha sare ya kwaya, anahema, ananiuliza kama kuna moto. Nikamwambia hakuna moto mama, natafuta mashine. Akasema, "Mashine ya Subi?"

Dada, nikamwambia ndiyo, hiyo hiyo.

Akanifungulia. Iko pale, kwenye kona, nyuma ya maboksi ya glavu, juu ya matofali mawili, inaunguruma taratibu. Nesi Tumsifu ameitandikia kitambaa cha kufuma juu kama televisheni, na kitambaa kimeziba matundu ya hewa. Nikakiondoa kwanza. Nikampigia Rashidi simu, nikamwambia akae kwenye skrini nimsomee namba iliyoandikwa kwenye kadi. Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye herufi nikasikia mdomo wangu unasema D ya Dabaga. Rashidi akauliza Dabaga ndiyo nini. Nikamwambia andika D tu, tuendelee. C ya chai, F ya fagio. Tulipomaliza akasema ni yenyewe, kila herufi.

Nikamuuliza nesi Tumsifu iliingiaje humu. Akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa, akanieleza. Kompyuta ya ultrasound ya kliniki ilikuwa imejaa, picha za kina mama zinafutwa ili mpya zipate nafasi. Akaja kukulalamikia. Ukaitafuta seva iliyokuwa imewekwa stoo, ukaileta kwa toroli, ukavuta kebo mwenyewe na fundi mmoja wa umeme. Miguu yako ilikuwa imevimba, ukavua viatu, ukafanya kazi pekupeku kwenye sakafu ile ya baridi. Yeye akakuomba urudi nyumbani ukapumzike. Ukamjibu, "Kina mama wanakuja Jumanne. Picha zao zitakaa wapi?"

Ilipowaka na kuonyesha picha ya kwanza ulifurahi, akasema, ukampigia makofi yeye. Kilichobaki, ukamwambia, ni kuipa jina kwenye mtandao, na hilo ungelifanya wiki iliyofuata. Wiki iliyofuata ndiyo uliyolazwa.

Nilikaa chini, kwenye sakafu hiyo hiyo. Nesi Tumsifu akatoka nje akaniachia chumba. Sikulia kwenye mazishi yako, nadhani hukujua hilo. Nilikuwa nashughulika na vyombo na magari ya wageni. Nililia siku hiyo, na kilio chenyewe hakikuwa cha uchungu mtupu. Nilikuwa nakuona pekupeku, umechoka, unamfikiria mwanamke usiyemjua atakayekuja Jumanne. Na mimi nimefundishwa kazi na mtu wa namna hiyo. Wangapi wanapata bahati hiyo?

Tulihama Jumapili mchana, bila tatizo. Diski ya kliniki niliihamisha mimi, Rashidi akisoma na mimi nikihakiki, kisha tukabadilishana. Ilipofika kwenye jina, Rashidi akapendekeza tuiite SUBI. Nilitamani. Vidole vilikuwa tayari kwenye kibodi. Lakini najua ungesemaje, kwa hiyo nimeiita KLINIKI-WANAWAKE-JENGO-LA-ZAMANI. Ni refu, na linasema kitu kiko wapi na kinafanya kazi gani.

Jumanne daktari alirudi na kliniki ikafunguliwa. Nikabaki nione kama picha za zamani zinafunguka. Mgonjwa wa tatu au wa nne alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa mpunga, ametoka Chimala alfajiri, amekuja na dada yake. Aliambiwa mwaka jana ana uvimbe kwenye kizazi, akapangiwa kurudi. Daktari alitoka kuniuliza kama picha yake ya kwanza ipo, kwa sababu bila hiyo hawezi kujua uvimbe unakua au umesimama, na kama hajui, atalazimika kumpasua. Nikamwambia aifungue. Nilisimama mlangoni kama vile ni mimi ninayepimwa.

Ikafunguka. Akaziweka zote mbili sambamba, akapima, akapima tena. Uvimbe ulikuwa vilevile. Hakuna kupasuliwa, arudi mwakani. Yule mama alipotoka alikuwa anajifuta uso na ncha ya khanga, akanishika mkono akidhani na mimi ni nesi, akasema "Ahsante, mwanangu." Nikapokea ahsante hiyo kwa niaba yako, maana haikuwa yangu. Ndiyo hii nakuletea.

Jumatano nikapanda gari kwenda Rungwe kwa mama. Nilisafisha kaburi, majani yalikuwa yameota na migomba imeshusha mikono yake mpaka juu ya msalaba. Mama akanipa ndizi na maziwa ya mgando, akataka kujua nilikuwa nafanya nini Mbeya. Hajawahi kuelewa kazi yetu, unajua, alikuwa anawaambia majirani kwamba Subi anatengeneza redio za hospitali. Safari hii nilimweleza polepole, kuanzia kebo iliyoingia ukutani mpaka kwa mama wa Chimala. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imeshika kikombe.

Akaniuliza, "Kwa hiyo hata sasa, mashine ya Subi inapokea wagonjwa?"

Nikasema inapokea, mama.

Akaweka kikombe chini. Kisha akaniambia jambo ambalo hajamwambia mtu. Ana maumivu chini ya kitovu, yalianza wakati wewe unaumwa. Alinyamaza kwa sababu nyumba ilikuwa tayari na mgonjwa, na baada ya mazishi akaona hayana haja tena. Nilimsihi, nikajiandaa kubembeleza mpaka jioni, lakini haikuhitajika. Akasema, "Kama ni kwa Subi, nitaenda."

Nesi Tumsifu ameshamwandikia nafasi, Alhamisi ijayo. Nimeomba ruhusa kazini na nimeshapata. Nitamfuata mama Rungwe Jumatano, nitalala kwake, asubuhi tutashuka Mbeya pamoja. Akiogopa kuingia peke yake nitaingia naye. Majibu yakiwa mazuri tutashukuru, na yakiwa mabaya atakuwa na binti wa kumpeleka matibabu, sitamwachia mtu mwingine. Hilo nakuahidi, dada yangu.

Pumzika sasa. Ndaga fijo, ahsante sana, kwa yote uliyonifundisha na kwa yale ambayo bado najifunza kwako.

Mdogo wako,
Gaudensia